Jumamosi za Kutafuta Boneti

Mume wangu alipatwa na kiharusi ndani ya gari lake, uani kwetu, asubuhi ya siku ya shule, akilirudisha nyuma ili anipeleke kazini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa madaftari begani, nimenuna kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Nililiona gari likirudi nyuma polepole mpaka likagonga nguzo ya tangi la maji. Likasimama kidogo, kisha likaserereka mbele kwa mteremko wa ua, polepole vilevile, likaingia kwenye geti. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Nilimpigia kelele, "Wewe, unafanya nini sasa?" Hayo ndiyo niliyomwambia. Sikujua kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umelala juu ya paja kama kitu alichosahau mtu mwingine.

Jirani alitupeleka hospitali ya Nyeri kwa pikapu anayobebea maziwa. Tulikaa huko wiki tatu. Aliporudi nyumbani alikuwa anatembea kwa fimbo, mguu mmoja unaburuta. Maneno yake yalitoka polepole lakini yalitoka yote. Mkono haukurudi.

Watu walikuja, hilo siwezi kulikana. Wiki ya kwanza sebule ilijaa. Walileta sukari, mikate, unga, wakaimba, wakatuombea, wakaosha vyombo wakaenda. Wiki ya pili walikuja wachache. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na simu za watoto kila Jumapili kutoka huko waliko. Nilikuwa naamka mapema nimwogeshe, nimvishe, nimfunge vifungo na mshipi, nimkatie mkate, nimpangie dawa, halafu niende nikasimame mbele ya watoto hamsini wa gredi ya sita hadi saa tisa. Jioni naanza tena. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na kuitwa. "Mwalimu!" Ndivyo anavyoniita tangu tulipooana. "Mwalimu, soksi imejikunja." "Mwalimu, kifuniko cha dawa kimekataa." Hakuwa msumbufu. Aliita tu pale alipolazimika. Lakini mtu mwenye mkono mmoja analazimika mara nyingi, na mimi nilifika mahali nikawa nikilisikia jina hilo, hata shuleni mtoto akiniita, mabega yanapanda juu yenyewe.

Gari lilibaki pale pale karibu na geti, limefunikwa turubai.

Nilieleze hilo gari. Ni la buluu, la milango minne, lina turbo, na mlio wake unasikika kabla halijafika kwenye kona ya kanisa. Alilinunua kuukuu akiwa bado fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na kwa miaka mingi alishindana nalo Jumapili moja moja kwenye mashindano madogo ya barabara za mashambani, vumbi tupu, watu wamesimama juu ya kingo za mashamba ya kahawa. Aliwahi kuwa wa tatu. Kikombe chake ni kidogo kuliko kikombe cha chai, na kiko juu ya kabati mpaka leo. Mimi sikuwahi kulipenda gari hilo wala kulichukia. Lilikuwa kama shemeji anayeishi nawe: unamzoea.

Siku ile ya geti boneti ilijikunja katikati kama kitabu kilichofunguliwa, na nyuma mfuniko wa buti uliingia ndani, haukufunga tena. Injini haikuguswa. Mafundi wa mtaani waliokuja kuangalia walisema bati lile haliwezi kugongwa likanyooka. Itafutwe boneti nyingine.

Jioni moja, nikiwa nasahihisha madaftari mezani, aliniambia, "Mwalimu, hiyo gari inataka boneti."

Sikuinua macho. "Gari inataka kuuzwa," nikasema.

"Hata ikiuzwa, itauzwa na boneti."

Hilo lilikuwa na maana, kwa hiyo sikubisha. Nilidhani tutaingia mjini Jumamosi moja, tununue, tumalize. Sikujua kwamba boneti ni kama ng'ombe. Ziko aina, na kila aina ina wake wa kuisifu.

Jumamosi ya kwanza tulienda Nyeri mjini, kwenye duka la vipuri la familia ya Kihindi ambayo baba mkwe wangu pia alikuwa akinunua kwao. Siku hizi anayeuza ni mama mmoja wa makamo, mkwe wa nyumba ile, anayezungumza Kikuyu vizuri kuliko wajukuu zangu. Alimtolea mume wangu kiti kabla hata hatujasalimiana. Halafu akaleta boneti nyeusi inayong'aa, imefumwa kama mkeka mdogo mdogo, akaiegemeza kwenye kaunta. Ilikuwa nzuri, hata mimi niliona.

"Mzee, hii watu wanaitaka sana," alisema. "Lakini wewe ni mtu ya zamani hapa, siwezi kukudanganya. Hii kaboni, hizi nyuzi nyeusi, ni ya juu tu, kama ngozi. Chini ni faiba ya kawaida, ile ya matangi ya maji. Kaboni yenyewe, ya kweli, naagiza ng'ambo, unangoja miezi miwili, labda mitatu. Nyepesi sana. Lakini hiyo lazima uweke pini za kufunga huku mbele, mbili, kwa sababu ile kufuli ya kawaida haitoshi. Bila pini, upepo ukiingia chini yake barabarani, inaruka inakupiga kioo."

Mume wangu aliiangalia muda mrefu. Aliigonga kwa kidole, akasikiliza. Halafu akauliza swali ambalo nililiona la kipuuzi. "Hiyo pini inafungwa na mikono ngapi?"

Yule mama alifikiri. "Unasukuma, unazungusha. Ukizoea, mkono moja."

"Na hii yenyewe ikifunguliwa, inasimama na nini?"

"Na ile chuma yako ya kuegemeza. Hiyo haibadiliki."

Akatikisa kichwa. "Nitafikiria," akasema, nasi tukatoka. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kutohudhuria mkutano wa wazazi kwa ajili ya kufikiria huko.

Jumamosi ya pili ilikuwa Karatina. Tulikodi gari la jirani, mimi nikaendesha, kwa sababu ninayo leseni ingawa nilikuwa nimezoea kubebwa. Ua wa vipuri uko nyuma ya soko, na kuufikia ilibidi tupite katikati ya mikokoteni ya kabeji na watu waliobeba viazi mgongoni, mume wangu akitembea kwa fimbo, mimi nikimlinda upande wa kushoto kama mtu anayevusha mtoto. Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye kofia ya sufu. Alikuwa na boneti zimepangwa kama sahani, zote zimetoka Japani zikiwa kwenye magari yaliyokatwa. Alivuta moja ya alumini, ya gari kama letu hasa, yenye pua ile ya kuingiza hewa kwenye turbo, na rangi yake ilikuwa buluu. Ilikuwa buluu ile ile! Haikuhitaji hata kupakwa rangi. Alikuwa pia na mfuniko wa buti, wa chuma, mzima, una bawa kubwa juu yake.

"Mungu amekupenda mzee," alisema yule bwana. "Hii kitu imekaa hapa ikikungoja wewe. Ati hata mkwaruzo haina."

Nilishukuru moyoni. Nilikuwa naiona Jumamosi inayofuata: nimelala, mlango umefungwa.

Mume wangu aliomba boneti ilazwe juu ya mapipa mawili ya mafuta. Akaishika ncha kwa mkono wa kulia, akainua. Ilipanda. Akaishikilia hapo, jasho likamtoka kwenye paji. Kisha akaishusha. Akaenda kwenye ule mfuniko wa buti, akaushika, akauacha.

"Hapana," akasema.

"Hapana vipi?" akauliza yule bwana.

"Si hii."

"Kwani iko na shida gani? Niambie shida."

"Haina shida. Asante."

Yule bwana alinitazama mimi, kama watu wanavyofanya wakidhani mgonjwa hajui anachosema. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama kwa jicho lile lile.

Tulirudi kwenye gari. Nilimfunga mkanda, nikawasha, tukapanda kuelekea nyumbani. Mvua ndogo ilianza. Nilikuwa nimesimama darasani siku tano, nimeosha shuka mbili asubuhi hiyo kabla ya kutoka, na mgongo ulikuwa unaniuma mahali pamoja pale pale. Nikasema, "Boneti ya rangi ile ile. Ya gari lile lile. Unataka ishuke na malaika?"

Akaunyanyua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka sawa pajani.

"Mimi nimechoka," nikasema. "Nimechoka kuzunguka na wewe kutafutia gari nguo. Gari lenyewe hutaliendesha tena. Gia ziko mkono wa kushoto. Hutaliendesha, na unajua."

Hakuna mtu aliyekuwa amelisema hilo kwa sauti. Daktari alizunguka zunguka. Watoto waliongea habari za mazoezi na imani. Mimi nililisema nikiwa nangoja lori la mchanga lipite, vifuta mvua vikienda na kurudi. Aligeuza uso akatazama dirishani upande wake mpaka nyumbani. Nilipomshusha aliniambia, "Asante kwa kunipeleka." Kwa heshima, kama mgeni.

Wiki mbili zilizofuata hakutaja boneti. Alikuwa na mpira mdogo wa kufinya aliopewa na mtaalamu wa mazoezi, na kila siku baada ya chai alikuwa akiufinya kwa ule mkono wa kushoto, akiusaidia na wa kulia. Nilikuja kuukuta mpira umeviringika chini ya kabati, una vumbi. Hata kuniita aliniita kidogo. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa na shati wazi kifua kizima, baridi ya Julai hiyo, kwa sababu vifungo vilifunguka akaona heri asubiri.

"Kwa nini hukumwita jirani?" nikamuuliza.

"Kuita kumenichosha," alisema.

Nilimfunga vifungo. Nilikuwa nimedhani mimi peke yangu ndiye niliyechoshwa na kule kuita.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema twende Sagana. Sikulisema kwa furaha. Nililisema kama mtu anavyolipa. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia kuna fundi kule anayetengeneza vitu vya faiba: matangi, mitumbwi ya wale wanaoteremka mtoni, na vipande vya magari ya mashindano. Mume wangu alisikiliza akasema, "Kama huna kazi."

"Kazi ninayo," nikasema. "Twende."

Ukiteremka kutoka kwetu kwenda Sagana unavua sweta njiani. Kulikuwa na joto, na harufu ya samaki wa kukaanga barabarani. Karakana ya fundi ilikuwa banda la mabati lisilo na ukuta mmoja, na ndani yake kulinuka ile gundi kali ya faiba inayoshika koo. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa Kerugoya, wa miaka kama arobaini, vumbi jeupe kichwani hadi kwenye kope, mpole. Alimwita mume wangu mzee na mimi akaniita mama, akatuonyesha boneti nne zimeegemea ukuta, hazijapakwa rangi, za kijivu chafu, zina mawimbi kama uji ulioganda. Karibu na ile ya Karatina zingekuwa aibu.

"Hizi si za urembo," alisema fundi, akaona uso wangu. "Rangi utaweka. Lakini uzito, jaribu mwenyewe."

Koo lilikuwa linaniwasha kwa ile gundi, nikasema naenda kununua maji. Nilivuka barabara, nikanunua, nikakaa kidogo kwenye kivuli cha kibanda kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniita. Kisha nikarudi kwa upande wa nyuma ambako hakuna ukuta, na nikawaona kabla wao hawajaniona.

Fundi alikuwa ameifunga boneti mojawapo kwenye gari bovu lililokuwa pale, gari kama letu. Mume wangu alikuwa amesimama mbele yake, fimbo ameiegemeza kwenye bampa. Aliingiza vidole vya mkono wa kulia chini, akafungua, akaiinua. Ilipanda kirahisi. Lakini sasa ilibidi ule ufito wa chuma wa kuegemeza utolewe mahali pake usimamishwe, na mkono wa kufanya hivyo hakuwa nao. Akainama, akaweka kichwa chake chini ya boneti. Kichwa! Aliishikilia kwa utosi, shingo inatetemeka, huku mkono wa kulia ukipapasa kutafuta ule ufito. Akaupata, akausimamisha, ukateleza. Boneti ikamwangukia mgongoni, nyepesi, haikumuumiza. Akaanza upya. Fundi alinyoosha mkono amsaidie.

"Wacha," mume wangu akasema. "Ukinisaidia nitajuaje?"

Nilisimama pale na chupa mbili za maji. Nilielewa Karatina yote wakati mmoja. Nilielewa lile swali la pini.

Nilikohoa, nikaingia. Alijinyoosha haraka, akapangusa vumbi kichwani kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unataka kuifungua mwenyewe."

Alitazama injini ya lile gari bovu. "Kuendesha najua sitaendesha," akasema. "Hiyo ulisema ukweli. Lakini oili naweza kuangalia. Maji naweza kuongeza. Plagi naweza kutoa na mkono moja, nimejaribu kwa mawazo. Shida ni hii mfuniko. Kama kila nikitaka kuangalia oili ni lazima niseme mwalimu, mwalimu, kuja unishikie boneti, basi heri iuzwe."

Fundi aligeuka akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangika.

Nikamuuliza fundi kama hakuna njia ya kuifanya ijisimamie yenyewe. Akasema ipo: zile shoki nyembamba za gesi kama za mlango wa nyuma wa magari ya familia. Ukifungua, zinaisukuma mpaka juu na kuishikilia. Tatizo ni kwamba boneti ya faiba ni laini. Shoki zikiwa na nguvu sana zinaikunja, inapasuka pembeni. Zikiwa dhaifu, haisimami. Angetafuta za kadiri, na angeongeza mbavu za ubao mwembamba ndani ya faiba pale zitakaposhikia. Itaongezeka uzito kidogo.

"Kidogo ni kiasi gani?" mume wangu akauliza.

"Kama kilo ya sukari, mzee. Lakini hutabeba wewe. Shoki itabeba."

Na hivyo ndivyo tulivyochagua. Alichagua ile yenye pua ya hewa, kwa sababu turbo inaihitaji. Pini alichagua za kubonyeza na kuzungusha, akazijaribu mara nyingi mno, fundi akivumilia. Aliagiza na mfuniko wa buti wa faiba, lakini bawa la juu yake alilikataa. Nilishangaa, maana miaka yote alilitaka. Alisema bawa ni uzito, na linamfaa tu mtu anayekwenda kasi. "Wewe unaenda kasi gani, mwalimu?" akaniuliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameshaamua dereva ni nani.

Tulirudi baada ya wiki tatu na gari lenyewe, boneti iliyokunjika imefungwa kwa kamba. Nililiendesha mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake na yangu, nikilizima kwenye kila mwinuko, yeye kando yangu akisema, "Klachi, klachi, mpole." Fundi alifanya kazi mchana kutwa. Boneti haikukaa vizuri mara ya kwanza. Upande mmoja ulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole, upande wa pili umebana. Akaipiga msasa, akaijaribu, akaipiga msasa. Mimi nilisahihisha insha nikiwa nimekaa juu ya tangi lisilokamilika.

Buti ndiyo iliyotuletea kituko. Ule mfuniko wa faiba ulikuwa mwepesi kama sinia, lakini zile springi za gari zilikuwa bado ni za kusukuma chuma kizito. Kabla fundi hajasema lolote, mume wangu aliingiza ufunguo. Mfuniko ukafyatuka juu kama mtego wa panya, ukampiga kidevuni, kofia ikaruka. Nilitupa madaftari nikakimbia. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, mkono juu ya kidevu, mabega yakitikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Tangu siku ya geti sikuwa nimemsikia akicheka. Kicheko kilikuwa kimepinda upande mmoja kama mdomo wake, lakini kilikuwa chake.

"Hii nayo iko na haraka," alisema.

Fundi, ambaye alikuwa amegeuka rangi kwa hofu, alitoa springi moja, akabakisha moja. Baada ya hapo buti ilifunguka kwa adabu.

Sitaki mtu adhani mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Gari halikupakwa rangi. Kila tulipopanga kulipaka kulitokea jambo jingine, likabaki buluu katikati na kijivu mbele na nyuma, na wanafunzi wangu walilipa jina ambalo walidhani silijui. Kabla ya mwaka kwisha boneti ilipata ufa pembeni, pale pale fundi aliposema. Mume wangu aliuziba mwenyewe kwa gundi na kitambaa cha faiba, kwa mkono mmoja, na palibaki uvimbe kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Mvua za Aprili zilipoanza, maji yaliingia kwenye ile pua mpaka tukawa tunaifunika kwa karatasi ya nailoni usiku. Mkono wa kushoto haujarudi hadi leo, na mtaalamu ameacha kuutaja. Bado namwogesha. Bado namfunga mshipi. Nina miaka minne kabla ya kustaafu, na ziko asubuhi naihesabu siku moja moja nikiwa bado kitandani.

Lakini kila asubuhi, baada ya kumvisha, hutoka nje. Nasikia fimbo kwenye kokoto. Nasikia pini ya kwanza, kach, halafu kimya kirefu akizunguka mbele ya gari kwa mguu wake ule, halafu pini ya pili. Shoki zinapumua. Anavuta kijiti cha oili, anakipangusa kwenye suruali yake badala ya kitambaa nilichompa, anakitumbukiza tena. Gari halimalizi oili, na kuangaliwa kila siku hakuna maana yoyote. Sijawahi kumwambia hivyo. Inamchukua karibu dakika ishirini, na dakika hizo ishirini nakaa jikoni, miguu juu ya kiti cha pili, nakunywa chai yangu ikiwa moto.

Wiki iliyopita aliingia kutoka nje akiwa na doa jeusi la oili kifuani, kwenye shati jeupe la kanisani nililokuwa nimelipiga pasi muda mfupi kabla. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaliangalia, akaliangalia tena.

"Inataka kubadilishwa, hiyo oili," akasema. "Imekuwa nyeusi."

Nikaenda kutafuta shati lingine.